Karatasi inasema binti yangu hayuko tayari kwa chuo. Ndoto ya uuguzi ndiyo basi?

Washauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Fort Worth, Texas. Tulikuja hapa kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na asili yetu ni Fizi, Kongo. Binti yangu Neema yuko darasa la 11, na tangu aanze kujitambua wimbo wake ni mmoja: uuguzi.

Mwezi uliopita shule iliwakusanya wanafunzi wa darasa lake ikawafanyisha mtihani wa kompyuta unaoitwa TSIA2. Sisi wazazi hatukuambiwa kitu, na yeye mwenyewe aliambiwa asubuhi ileile. Akarudi na karatasi: hisabati 944, chini yake imeandikwa Diagnostic na ngazi ya 4. ELAR 947, insha 4. Halafu maneno kwamba hajafikia kiwango cha kuwa tayari kwa chuo, si kwa hisabati wala kwa Kiingereza. Mtoto ananiuliza, mama, 944 imeanguka, 947 imeanguka, sasa inayofaulu ni ngapi? Sina jibu. Tangu siku hiyo hataki hata tutaje chuo mezani.

Jamaa mmoja wa kanisani anasema asiyepita mtihani huu hapokelewi na chuo chochote Texas, na kwamba anamjua mtu anayefundisha kwa dola 600 na wote wanapita. Mwingine anasema tuache, amalize sekondari kwanza. Nifuate lipi?

Na kuna kaka yake, ana miaka 20, alitufuata mwaka jana. Amesoma Kongo kwa Kifaransa na ana diploma yake ya sekondari, ila Kiingereza bado kinamsumbua. Anataka kuingia koleji ya jamii. Naye ataukuta mtihani huuhuu?

Mama Neema, Fort Worth

*

Mama Neema, pole, na umfikishie Neema pole zetu. Karatasi hiyo imeandikwa kwa lugha ya maofisa, kwa hiyo tuanze kwa kuisoma pamoja. Ikisomwa vizuri, inasema jambo tofauti na lile mlilolisikia.

TSIA2 ni mtihani wa jimbo la Texas unaotengenezwa na College Board, walewale wenye SAT, mtihani wa kuombea chuo. Ulianza Januari 2021. Una masomo mawili: hisabati, na ELAR, yaani kusoma na kuandika Kiingereza. Kila somo linaanza na maswali ya kuchagua jibu, 20 ya hisabati na 30 ya ELAR, na alama zake huanzia 910 na kuishia 990. Msizisome kama asilimia. Kinachotazamwa ni kiwango cha kila somo, na viwango havilingani. Hisabati inataka 950. ELAR inataka 945, halafu juu yake inataka na insha iliyopata angalau 5 katika alama 8.

Sasa mrudie karatasi. Kwenye maswali ya ELAR Neema amevuka, 947 inapita 945. Kilichomzuia ni insha peke yake, tena kwa alama moja. Mtoto aliyesomea kambini, akahamia lugha nyingine, akavuka maswali 30 ya Kiingereza cha chuo bila kujiandaa hata siku moja, huyo hana sababu ya kukaa mezani kimya.

Hisabati ndiko kwenye kazi. Alipata 944, na mtoto akiwa chini ya 950 kompyuta haimwachii. Inamfungulia palepale sehemu ya pili, ile iliyoandikwa Diagnostic, yaani uchunguzi, maswali 48, na mwishoni inampa ngazi kati ya 1 na 6. Watoto wengi, na hata baadhi ya walimu, hudhani sehemu hii ni ya kuwapa watu wa ofisini taarifa tu. Sivyo. Anayefikisha ngazi ya 6 katika uchunguzi wa hisabati anahesabiwa amefaulu, hata kama alama yake ya kwanza ilikuwa 944 au 920. Kwa ELAR ngazi ya 5 au ya 6 inatosha, mradi insha iwe 5. Ni nafasi ya pili ndani ya mtihani mmoja. Muulize Neema kwa upole alifanyaje alipoona maswali mengine 48 yanakuja. Ikiwa alichoka akaanza kubofya ili amalize, basi ngazi ya 4 haitupi picha kamili ya hisabati yake.

Kuhusu yule jamaa wa kanisani. Sheria ya Texas inakataza vyuo vya umma kutumia mtihani huu kama sharti la kumpokea mwanafunzi. Kazi yake ni kuamua mtu aanzie kozi gani baada ya kupokelewa. Koleji ya jamii ya eneo lenu, Tarrant County College, haimrudishi mtu mlangoni kwa sababu ya 944. Kitakachotokea ni kwamba, asipokuwa amefikia kiwango, atapangiwa kozi ya hisabati ya chuo pamoja na kipindi cha ziada cha msaada katika muhula huohuo. Kwenye ratiba mtaona neno corequisite. Zamani wanafunzi walikaa mwaka mzima au zaidi kwenye madarasa ya kurudia ambayo hayahesabiwi kwenye shahada, wakilipa, na wengi wakikata tamaa njiani. Sheria ya HB 2223 ya mwaka 2017 ndiyo iliyovisukuma vyuo vya umma kuingia kwenye mpango huu wa sasa. Kwa hiyo hata akimaliza sekondari na karatasi hiyohiyo, mlango haujafungwa. Anachoongezewa ni saa darasani na ada ya saa hizo.

Mbona basi shule iliwafanyisha ghafla vile? Kwa sababu matokeo ya watoto kwenye mtihani huu yanaingia kwenye tathmini ya shule, na kuna fedha za jimbo zinazoifuata wilaya ya shule kwa wanafunzi wanaohitimu wakiwa tayari. Shule ina haraka yake. Kumpima mtoto bila kumwandaa si kosa la jinai, lakini si ungwana pia, na una haki ya kumwambia mshauri wa shule hivyo.

Hata hivyo hatukubaliani na yule anayesema msubiri. Neema akifaulu sasa, akiwa darasa la 11 au mwanzoni mwa la 12, anaweza kuchukua masomo ya chuo angali sekondari, yale yanayoitwa dual credit, yakahesabiwa pande zote mbili. Ili achukue Kiingereza cha mwaka wa kwanza, ENGL 1301, lazima awe amefaulu ELAR. Kwa hisabati ya chuo, afaulu hisabati. Tangu 2023 Texas ina mpango unaoitwa FAST: mtoto anayestahili chakula cha mchana cha bure au cha bei ya chini shuleni anasoma dual credit bila kulipa katika koleji zilizojiunga na mpango huo. Kama Neema yumo kwenye orodha ya chakula, mwulize mshauri jina la koleji inayofanya kazi na shule yake na kama imo kwenye FAST. Kozi moja ya Kiingereza aliyoimaliza bure sekondari ni kozi ambayo hamtailipia baadaye.

Tuanze na insha, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi.

Mwanafunzi hupewa aya fupi kuhusu jambo lenye pande mbili, kisha anaulizwa msimamo wake. Anatakiwa aandike maneno 300 hadi 600. Insha inasahihishwa na kompyuta na alama hutoka muda uleule. Hakuna kamusi, wala programu ya kumsahihishia tahajia. Kinachotazamwa ni kama msimamo uko wazi, kama aya zimepangika, kama kila hoja ina maelezo na mfano, kama sentensi zinabadilika urefu na muundo, kama sarufi imeshika, na kama mwandishi amefikiri.

Insha nyingi zinazokwama kwenye 4 zina mambo mawili: ni fupi, na hoja zake zinatajwa kisha zinaachwa zinaning'inia. Mtoto anaandika kwamba simu zizuiwe darasani kwa sababu zinapoteza umakini, halafu anarukia sababu ya pili. Aliyepata 5 au 6 angebaki hapo sentensi nne zaidi: umakini unapoteaje, mfano wa dakika kumi za somo la kemia ujumbe unapoingia, matokeo yake kwa aliye na simu na kwa jirani yake, na kwa nini onyo la mwalimu halitoshi. Mwambie Neema kila aya ya katikati iwe na hoja moja, mfano mmoja, na sentensi mbili tatu zinazoeleza mfano ule unathibitisha nini. Aya mbili za namna hiyo zinashinda tano za mistari mitatu. Kisha aweke aya moja fupi inayotaja wanaopinga wanasema nini na awajibu. Hapo ndipo kufikiri kunaonekana.

Kuna mazoea ya shule za kwetu ambayo humponza mtoto hapa. Insha tulizofundishwa hufunguliwa kwa methali, zikafuata hadithi, na funzo likaja mwishoni. Mtihani huu unataka msimamo katika aya ya kwanza, bila kuzunguka. Methali ikija, ije kama mfano, isiwe utangulizi.

Halafu kuna makosa ya sarufi yanayotokana na Kiswahili chenyewe, na kwa kuwa yanajirudia, yanarekebishika haraka. Kwetu mwanamume na mwanamke wote ni "yeye", kwa hiyo mtoto anaanza aya na he na kuimaliza na she akimzungumzia mtu yuleyule. Kwetu kitenzi hubeba mtendaji, "mama yangu anafanya kazi", ndiyo maana kwa Kiingereza hujitokeza My mother she works, badala ya My mother works. Kwetu hakuna a wala the, na hayo ndiyo yanayodondoka zaidi. Na ile s ya mwisho wa kitenzi, he work, they works, huhama hovyo. Kosa la tano ni la kila mtu, si letu tu: kuunganisha sentensi mbili kamili kwa mkato, kama Students are tired, they start too early. Aweke nukta, au aunganishe kwa because. Dakika tano za mwisho zitumike kupitia haya matano tu, moja moja: kwanza he na she zote, kisha s, na kuendelea. Ukisoma mara moja ukitafuta makosa yote kwa pamoja, huoni hata moja.

Mazoezi: insha mbili kwa wiki, kwenye kompyuta na si kwa kalamu, kwa sababu ndivyo atakavyofanya siku yenyewe na kasi ya kuchapa ni sehemu ya kazi. Dakika tano za kupanga, 40 za kuandika, tano za kupitia. Mwalimu wake wa Kiingereza asome angalau moja kwa wiki, na aombwe aseme jambo moja tu la kurekebisha. Kwa mtoto aliye kwenye 4, wiki nne za namna hii ni mwanzo mzuri.

Sasa hisabati.

Yale maswali 20 ya kwanza yamegawanyika hivi: 6 ya hesabu za uwiano, asilimia na milinganyo ya mstari, 7 ya aljebra, 3 ya jiometri na vipimo, 4 ya uwezekano na takwimu. Maana yake aljebra na asilimia ni 13 kati ya 20. Tumeona watoto wakitumia wiki nzima kukariri fomula za koni na tufe. Si kazi mbaya, ila ni kuanzia nyuma.

Ripoti ya uchunguzi aliyopewa Neema, ile ya ngazi ya 4, inaonyesha amefanyaje katika kila eneo kati ya hayo manne. Hapo ndipo pa kuanzia. Kama hamna ukurasa huo, mshauri wa shule anaweza kuuchapisha tena, na mkiwa nao mkononi hamhitaji mtu wa kuwaambia asome nini.

Majibu ya kuchagua hutungwa kwa kufuata makosa ya watu. Chukua bei ya dola 100 iliyoshushwa asilimia 20 kisha ikapandishwa asilimia 20. Anayejibu haraka anasema imerudi 100, na mtungaji anayejua kazi yake ataiweka 100 pale imsubiri. Ukweli ni 96, kwa sababu kupanda kunahesabiwa kutoka 80. Chukua 3 − 2(x − 4). Anayesahau kwamba alama ya kutoa inaingia mpaka ndani anapata −2x − 5. Jibu ni 11 − 2x. Au swali la maneno: ukumbi wa mazoezi unatoza dola 40 za kujiandikisha na dola 15 kila mwezi, na mtu amelipa jumla dola 175, ni miezi mingapi? Mtoto anagawa 175 kwa 15, anapata desimali, anachagua namba iliyo karibu. Alipaswa aandike 40 + 15m = 175, aondoe 40 kwanza, abaki na 135, agawe, apate 9. Neema akikosa swali la mazoezi asiishie kusoma jibu sahihi. Aandike kando ni hatua gani ilimpotosha. Baada ya maswali 50 ataona makosa yake ni aina tatu au nne tu zinazorudi.

Vipimo vya Marekani navyo vina namna yake ya kumwangusha mtoto aliyeanzia mita na kilo: futi moja ni inchi 12, yadi ni futi 3, paundi ni aunsi 16, galoni ni kwati 4. Hivyo avijue kwa moyo.

Kikokotoo cha kutoka nyumbani hakiruhusiwi. Kimo ndani ya kompyuta, na hujitokeza kwenye baadhi ya maswali tu. Kisipojitokeza, anatumia karatasi anayopewa. Kwa hiyo nusu ya mazoezi yafanywe bila kikokotoo: sehemu, namba hasi, kugawa desimali. College Board ina tovuti ya bure ya mazoezi ya ACCUPLACER, mfumo wa kompyuta unaoendesha mtihani huu, yenye maswali ya TSIA2 na maelezo ya majibu. Afungue akaunti hapo. Dakika 40, siku nne kwa wiki, wiki sita hadi nane, ndiyo ratiba tunayoipendekeza kwa mtu aliye kwenye 944 na ngazi ya 4.

Na hilo linajibu habari ya dola 600. Usitoe. Anayeahidi kwamba wote wanapita anaahidi kitu asichokimiliki, na maswali ya mazoezi anayouza yapo bure. Kama kuna fedha za kutumia, zitumike kwenye nauli ya kumwezesha abaki shuleni na mwalimu wa hisabati baada ya vipindi.

Kuhusu siku yenyewe, jambo kubwa mnalopaswa kulijua ni kwamba mtihani huu hauna muda maalumu. Hakuna saa inayomkimbiza. Lakini kompyuta hupima ugumu wa maswali kufuatana na majibu yake, kwa hiyo haruhusiwi kuruka swali wala kurudi nyuma. Anayejibu maswali ya mwanzo kwa pupa akidhani atayarudia anajichimbia. Kila jibu alipime kabla ya kubofya. Na kwa kuwa hakuna muda, asikubali kufanya hisabati, ELAR na insha siku moja akiwa hajala. Aombe hisabati siku moja na insha siku nyingine. Akichoka katikati ya yale 48, amwombe msimamizi amhifadhie kazi amalizie siku nyingine. Programu inaruhusu, ila afahamu kabla ya kuanza ni utaratibu gani msimamizi wao anaufuata. Abebe kitambulisho chenye picha.

Pia aulizwe kama alifanya shughuli ya maandalizi kabla ya mtihani wa kwanza, ile inayoitwa PAA. Ni ya lazima: inaeleza mtihani ukoje, inatoa maswali ya mfano, na inaeleza kitakachofuata usipofikia kiwango. Watoto wengi huipitisha kwa kubofya hadi mwisho. Aipitie tena taratibu, na mhifadhi uthibitisho wake, kwa maana koleji inaweza kuuomba.

Kurudia kunaruhusiwa, na alama za zamani haziwekwi wastani na mpya. Shuleni mara nyingi ni bure; koleji hutoza kwa kila kipande. Mwambieni mshauri hivi: Neema amefikia 945 ya ELAR, tunaomba afunguliwe insha peke yake, na hisabati baada ya wiki nane. Akisema mtoto lazima arudie vyote, ombeni amuulize msimamizi wa mitihani wa wilaya kabla hamjakubali, kwa sababu hakuna faida ya kumrudisha mtoto kwenye maswali 30 aliyokwisha kuyavuka. Alama zake zinadumu miaka mitano tangu siku ya mtihani.

Mlango wa pembeni upo. SAT yenye 530 kwenye hisabati inamwondolea TSIA2 ya hisabati, na 480 kwenye kusoma na kuandika inamwondolea ELAR. Kila somo linahesabiwa peke yake. Kwa ACT, mtihani mwingine wa namna ya SAT, uliofanywa kuanzia Februari 15, 2023, ni 22 kwenye hisabati, na jumla ya 40 kwa Kiingereza pamoja na kusoma. Wilaya nyingi hufanyisha SAT siku ya kawaida ya shule bila malipo, kwa hiyo insha ikimgomea Neema, SAT haina insha kabisa katika hesabu hii. Mlango mwingine ni somo la maandalizi ya chuo la darasa la 12, ambalo wilaya huliandaa na koleji jirani. Akilifaulu hafanyi tena TSIA2 ya somo hilo, lakini kuna masharti mawili ambayo familia huyagundua wakati umepita: msamaha huo ni wa miaka miwili baada ya kuhitimu, na ni kwa koleji zilizo kwenye makubaliano tu. Tena anatakiwa aichukue kozi ya somo hilo ndani ya mwaka wa kwanza. Akienda chuo cha mji mwingine anaweza kukuta karatasi yake haitambuliki.

Kwa ajili ya uuguzi, muulizeni mshauri wa koleji, si wa shule, hisabati gani inatakiwa kwenye programu anayoitaka. Programu nyingi za uuguzi hutaka takwimu, MATH 1342, na si aljebra ya chuo, MATH 1314. Kuna watoto wanaopoteza muhula mzima kwenye 1314 ambayo programu yao haikuiomba. Pia programu zenyewe zina mtihani wao wa kuingia, mara nyingi HESI A2 au TEAS, wenye hisabati ya uwiano na dozi pamoja na usomaji. Anachokisoma sasa kwa ajili ya TSIA2 kitamfaa huko.

Kaka yake ana njia nyingine. Akiomba shahada kwenye koleji ya umma, naye atakutana na TSIA2, lakini koleji inaweza kumpa msamaha wa muda kwa sababu Kiingereza chake bado kinakua, asome kwanza masomo ya ESOL, yaani Kiingereza kwa wenye lugha nyingine. Msamaha huo unaisha akishasoma krediti 15 za ESOL, au kabla ya kuingia kozi za kawaida za mwaka wa kwanza, lolote litakalotangulia, na hapo ndipo atafanya mtihani. Asiharakishwe kuufanya wiki ya kwanza eti ili kuona yuko wapi. Na kama anachotaka ni ufundi, kwa mfano uchomeleaji au viyoyozi, cheti cha ngazi ya kwanza kisichozidi krediti 42 hakimdai TSIA2 kabisa.

Diploma yake ya Kongo itafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, na aulize koleji kabla ya kulipa kama inataka tathmini ya taasisi fulani. Atakapoanza mazoezi ya hisabati, azingatie alama ya desimali: aliyesoma Kifaransa huandika 3,5, hapa ni 3.5, na 3,500 hapa ni elfu tatu na mia tano. Kosa hilo ndilo lililo rahisi zaidi kulimaliza, basi alimalize kwanza.